Nilivyopima Macho Usiku Nyumbani Kwetu

Ndugu wasomaji, wengi wenu mwafahamu ya kuwa kwetu ni ng'ambo ya mto Ruvuma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, katikati ya Kionga na Palma. Wapendao historia watakumbuka ya kuwa Kionga hapo zamani ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na Wareno wakaitwaa mwaka 1916. Lakini leo sitaki kuandika habari za mipaka. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyoitumia likizo yangu iliyopita kupima macho ya watu usiku, na jinsi kazi hiyo ilivyonifikisha mahali nisipopatarajia.

Sina budi kuanza nyuma kidogo. Siku ya Jumatano, tarehe 24 Machi 2021, mji wa Palma ulishambuliwa. Mimi nilikuwa sijatimiza miaka kumi na mitano. Nyumba yetu iko mbali na mji, lakini milio tuliisikia alasiri ile ile, na kabla ya jua kuchwa tulikuwa tumekwisha kukimbilia vichakani nyuma ya mikoko, sisi na majirani, kila mtu na alichoweza kushika. Katika vurumai ile mtoto wa jirani yetu, msichana wa miaka sita, alifuatana na sisi, na baba yake akaelekea upande mwingine akidhani mtoto yuko na bibi yake.

Usiku ule mwezi ulikuwapo. Tulikaa kimya chini ya miti. Yapata saa sita akapita mtu mmoja, peke yake, ameshika kitu kirefu mkononi. Tulimwona sote. Mama akamziba yule mtoto kinywa kwa kiganja chake. Mtu yule akasimama, akatazama upande wetu kwa muda, kisha akaenda zake. Kumbe ndiye baba yake mtoto! Na kile kitu kirefu kilikuwa kafi la mtumbwi wake. Hakumwona tena mwanawe ila baada ya siku kumi na saba, huko Quitunda, mahali ambapo maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia.

Jirani yetu hakutulaumu mbele ya watu. Alimwambia mjomba wangu neno moja tu: "Macho yenu yalikuwa wapi?" Mjomba alikuwa mvuvi wa usiku kwa zaidi ya miaka thelathini, na kijijini alisifiwa kwa macho yake. Hakuwa na jibu. Tangu siku ile husalimiana na jirani kama ilivyo desturi, lakini hawakai tena barazani pamoja.

Basi, muhula uliopita mwalimu wetu wa fizikia alipotufundisha habari za lenzi na macho, alituonyesha ule ubao wa herufi ambao mmeuona hospitalini. Aliyeutengeneza alikuwa daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, katika mwaka 1862. Nilikuwa nadhani ya kuwa herufi zile zimepangwa ovyo, kubwa juu na ndogo chini. Sivyo. Kila mstari una hesabu yake. Mtu mwenye macho mazima, akisimama mita 6, huweza kusoma herufi yenye kimo cha milimita 8.7, na unene wa kila kistari cha herufi hiyo ni sehemu ya tano ya kimo chake. Kistari hicho hulifikia jicho kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Huyo huandikiwa 6/6. Akiwa hawezi kusoma ila ile kubwa ya juu, yenye kimo cha milimita 87, huandikiwa 6/60, maana yake ni kwamba anachokiona kwa mita 6 mwenziwe mwenye macho mazima hukiona kwa mita 60. Kwa watu wasiojua kusoma hutumika herufi moja tu, E, iliyogeuzwa huku na huku, na mtu huonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi.

Niliposikia hayo nilimkumbuka mjomba. Nikasema moyoni, ikiwa kuona kwaweza kupimwa, basi na ule usiku waweza kupimwa.

Nilipofika nyumbani nilitafuta ubao mwembamba, nikaupaka chokaa, nikachora zile E kwa rangi niliyoichanganya na masizi ya sufuria, kwa rula na kwa uvumilivu mwingi. Herufi za mstari wa chini kabisa zilinishinda mara tatu. Kwanza nilipima mchana. Mimi nilipata 6/6. Mjomba alipata 6/9, na hakukubali. Alisema E zangu za mwisho zimefutika. Shangazi yangu alizisoma zote, tena upesi, na mjomba akasema ameziona kabla.

Usiku ndipo mambo yalipobadilika. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba huwezi kumtoa mtu jikoni ukampima papo hapo. Jicho lina chembe za namna mbili, koni na fimbo. Koni hutupa rangi na mambo madogo madogo, lakini hutaka mwanga mwingi. Fimbo hazijui rangi, na hazichambui vizuri, lakini hutosheka na mwanga haba kabisa. Ila fimbo hizo zachelewa kuamka. Zataka nusu saa gizani, na zaidi. Usiku wa kwanza tulikaa nusu saa nzima tukingoja, mara binamu yangu akafungua simu yake kutazama saa. Ikatubidi tuanze upya! Usiku wa pili simu zote zilikaa ndani ya chungu.

Jambo la pili, mjomba alilijua kabla yangu. Katikati kabisa ya jicho, pale tunapotumia kusomea, hamna fimbo hata moja. Kwa hiyo gizani ukikikazia kitu macho, kinapotea. Ukitazama kando yake kidogo, kinarudi. Nilipomweleza mjomba habari hii kwa fahari ya mwanafunzi, alicheka. Akasema, "Nyota ndogo usiitazame usoni, itazame shavuni. Nani asiyejua hayo?"

Tulipima watoto pia, kwa kuwa walitusumbua sana wakitaka zamu. Mmoja wao hakuweza kuona hata ile E kubwa kwa mita 2, ilhali wenziwe waliiona. Mama yake akasema ni kweli, kila magharibi mtoto yule hutembea akinyoosha mikono mbele. Mwalimu alikuwa ametuambia ya kuwa fimbo za jicho hufanya kazi kwa dawa fulani ya mwilini ambayo haipatikani bila vitamini A, na vitamini hiyo imo katika maini, mayai, maembe, mapapai na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Mtoto alipelekwa zahanati. Hayo nayataja kwa kupita tu, ingawa mama yake huenda akaona ndiyo faida pekee ya ubao wangu.

Sasa nafika kwenye kisa chenyewe. Ilikuwa siku ya tano baada ya mwezi mpevu, maji yakiwa maji mafu. Niliuchagua usiku ule kwa makusudi, kwa kuwa mwezi huchelewa hata baada ya saa nne, na hivyo kwa usiku mmoja ningeweza kupima gizani chini ya nyota tupu, halafu kupima tena mwezi ukipanda. Nilikuwa nimeusimamisha ubao kwenye mnazi ulio mwisho wa uwanja wetu, upande wa ufuoni. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mita 6 kamili, kamba imenyooshwa chini.

Ghafla tukasikia, "Simama! Msisogee!"

Tuliinua mikono. Walikuwa askari wawili wa doria. Sitataja jeshi lao. Mmoja alizungumza Kiswahili cha bara, akauliza tunafanya nini nje wakati huu, na ule ubao wenye alama ni wa nini, na alama zile ni lugha gani. Wasomaji wangu, nawaambieni kweli, kueleza fizikia huku umeinua mikono si kazi rahisi. Nilianza na Snellen. Nadhani ingefaa nianze na hospitali. Mjomba ndiye aliyetuokoa, maana alisema tu, "Bwana askari, mpwa wangu amekuja likizo, ananipima macho, na nimeshindwa."

Yule askari akacheka. Kumbe alikuwa amevaa paji la usoni ile miwani ya kuonea usiku, mirija miwili mifupi kama darubini. Alisema walipofunzwa kuitumia waliwekewa ubao wenye vistari vilivyosimama na vilivyolala, ili kila mtu airekebishe miwani yake mpaka avione vizuri. Nikamwambia ya kuwa mwalimu ametuambia marubani nao hufanya vivyo hivyo, tena kwa futi 20, ambazo ni kama mita zangu 6, na kwamba miwani isiyorekebishwa vizuri humpunguzia mtu nguvu ya kuona bila mwenyewe kujua. Akautazama ubao wangu kwa muda. Kisha akasema, "Haya, nami nipime."

Tukampima. Mwezi ulikuwa bado, palikuwa na nyota tupu. Kwa macho yetu matupu, mimi na mjomba hatukuiona E kubwa ya juu kwa mita 6. Mimi niliitambua niliposogea mita 2, mjomba mita moja na nusu. Yule askari, kwa miwani yake, alisoma mstari wa 24 bila kosa kutoka pale pale penye kigoda. Mstari wa 18 alikosa nusu. Nikaandika 6/24.

Mjomba alinyamaza. Kwa mtu aliyesifiwa kwa macho maisha yake yote, hilo halikuwa jambo dogo.

Baada ya saa nne mwezi ukatoka baharini, mwekundu, umepungua upande mmoja. Tulingoja mpaka upande juu ya minazi. Mimi nikapata 6/36, mjomba 6/60, askari 6/12. Akataka kujaribu mstari wa 9, akasema vistari vinatetemeka.

Hapo aliniruhusu nitazame, dakika moja tu, yeye ameishika miwani kwa mkono wake. Nilichokiona sitakisahau. Kila kitu kilikuwa cha kijani. Mikoko, ambayo kwa macho ni nyeusi tii, ilikuwa myeupe kama iliyonyunyiziwa unga, kwa maana miwani hiyo huona mwanga mwekundu uliopita upeo wa macho yetu, na majani mabichi huurudisha mwanga huo kwa wingi. Suruali yangu nyeusi ilionekana nyeupe! Masizi ya ubao wangu tu ndiyo yaliyobaki meusi. Mbinguni nyota zilikuwa nyingi mno, sikupata kuona vile. Lakini picha yote ilikuwa ikichemka, kama ufuta unaochekechwa kwenye ungo, na nilipotaka kumtazama mjomba aliyekuwa kando yangu sikumwona, ikanibidi nigeuze kichwa kizima. Miwani ya namna hiyo huonyesha duara la digrii 40 tu, ilhali macho yetu mawili kwa pamoja huona karibu digrii 180 bila kugeuza shingo.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Mwanga mdogo uingiao kwenye lenzi huangukia utando unaougeuza kuwa elektroni. Elektroni hizo hupita katika kibamba chenye mamilioni ya vitundu vyembamba kuliko unywele, na kila moja ikigonga ukuta wa kitundu hutoa nyingine, nazo zikigonga hutoa nyingine tena, hata moja huwa maelfu. Mwishowe zote hupiga kioo kilichopakwa dawa ya kung'aa, na rangi iliyozoeleka kwa dawa hiyo ni kijani, kwa kuwa jicho la mtu huchambua kijani vizuri. Na kule kuchemka je? Huko si ubovu wa chombo. Mwanga wenyewe huja kwa chembe. Mvua inapoanza, matone machache ya kwanza huangukia mchanga huku na huku, nawe huwezi kujua kwa matone hayo umbo la jani lililoukinga mchanga. Mpaka mvua izidi. Usiku wa giza ni mvua hiyo ya matone machache. Chombo kinaweza kulikuza tone, lakini hakiwezi kuliongeza tone lisilonyesha.

Mjomba alikuwa na swali lake. Akasema, "Bwana askari, E umeziona. Je, mtu nako unamjua?"

Askari akajibu kwamba hilo ndilo jambo linalomsumbua kila usiku. Akasema, "Mzee, mtu namwona mbali sana. Namwona anatembea, namwona ameshika kitu kirefu. Na mimi sina saa nzima ya kufikiri."

Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameinama.

Basi tukafanya jaribio la pili, na hili halikuwamo katika mpango wangu. Mimi nilikwenda ufuoni nikiwa na vitu vitatu: kafi, jembe, na fimbo nene yenye urefu wa kafi. Askari aliweka masharti, kwamba nisiinue kitu begani, na nisikimbie hata nikiumwa na kaa. Mwenziwe alikaa macho akilinda. Mjomba alihesabu. Nilisimama kwanza mita 60, nikapita mara 12, kila mara na kitu kimoja bila mpango. Askari alipata 9. Kisha nikaenda mita 110, chini ya mwezi ule ule. Alipata 5.

Msomaji, yapime hayo. Penye vitu vitatu, mtu anayebahatisha kwa macho yaliyofumbwa hupata 4 katika 12. Kwa mita 110 yule askari, mwenye chombo cha thamani kuliko mashua zote za kijiji chetu, alikuwa ananiona wazi kabisa kwamba ni mtu, natembea na nimeshika kitu. Lakini juu ya kile kitu alikuwa anajua kidogo tu kuliko aliyelala. Mjomba alipomtajia hesabu, alinyamaza, akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akasema turudie. Tukarudia. Akapata 6.

Mjomba kwa macho yake, na kwa mita 60 zile zile, alipata 4. Tena alikiri kwamba alikuwa akikisia kwa mlio wa nyayo zangu.

Niliporudi shuleni nilimwonyesha mwalimu daftari langu, naye akaniambia jambo ambalo lingenipunguzia kazi kama ningelijua mapema. Mwaka 1958 Mmarekani mmoja, John Johnson, aliwaketisha watu katika chumba cha majaribio watazame vielelezo vidogo vya magari na vya mtu aliyesimama kwa vyombo vya usiku, akapima ni vistari vingapi, cheusi na cheupe, ambavyo chombo lazima kiweze kuvitenganisha katika upana wa kitu. Kujua kwamba kitu kipo kwataka jozi moja ya vistari. Kujua ni kitu cha namna gani, mtu au mnyama, kwataka jozi 4. Kumjua hasa ni nani, au ni wa upande gani, kwataka jozi 6 na zaidi kidogo. Na hesabu hizo zote, ndugu zangu, ni za mtu anayepatia nusu ya majaribio yake tu.

Nikachukua upana wa mtu kuwa nusu mita, nikapiga hesabu. Kwa 6/12 ya askari penye mwezi, mtu aonekana kuwapo kwa mita 430. Hutambulikana kuwa ni mtu kwa mita 107. Kujulikana ni nani, mita 67. Gizani, kwa 6/24, zote zapungua nusu. Kwa hiyo kuna eneo kubwa, zaidi ya mita 300, ambamo mtu huonwa na hajulikani. Mvuvi wa usiku hupitia humo humo.

Turudi ufuoni. Mjomba alitoa shauri kwamba wavuvi waende na taa, kwa maana mtu mwenye nia mbaya hatembei na taa. Tukawasha taa yake ya kuvulia. Askari akatazama kwa miwani, akaiinua mara moja. Alisema taa imezungukwa na duara kubwa jeupe, na mjomba amemezwa humo, haonekani hata mguu. Nasi kwa macho yetu tulikuwa vipofu kwa muda mrefu baadaye. Mimi nikatoa shauri la alama kubwa kwenye tanga. Nilipiga hesabu mchangani kwa kidole: ili isomeke kwa mita 200 usiku wa nyota, herufi lazima iwe na kimo cha mita 1 na sentimita 16. Ubavu wa ngalawa hautoshi, lakini tanga latosha. Nikaona nimefumbua fumbo. Askari alifikiri kidogo, akasema, "Na mwizi naye hana masizi?"

Hata hivyo mjomba alipaka. E moja, kimo mita 1 na sentimita 20, miguu imeelekea mbele. Sijui kama itamfaa kitu. Yule askari alihamishwa kabla sijaondoka, na aliyekuja badala yake hatukuzoeana naye. Mjomba sasa hutoka alfajiri, jua likianza kuonekana.

Mambo ya jirani yetu nimeyaacha mpaka sasa kwa kuwa sikujua jinsi ya kuyaandika.

Siku mbili kabla ya kufunga safari nilikwenda kwake na daftari. Hesabu za Johnson nilikuwa bado sijazijua; nilikuwa na vipimo vyangu tu, vya macho matupu. Kwa kumpitisha binamu yangu ufuoni usiku penye mwezi, akiwa peke yake au akibadilishana na wenziwe wawili, nilikuwa nimeona ya kuwa kupita mita 22 au 23 nilikuwa nambahatisha nani ni nani. (Baadaye, kwa hesabu ya Johnson na 6/36 yangu, nilipata mita 22. Nilifurahi peke yangu bwenini hata mwenzangu akaniuliza kuna nini.) Nilimweleza jirani hayo yote kwa upole kadiri nilivyoweza. Alisikiliza hata mwisho. Halafu akasema, "Lete kamba."

Tulikwenda watu watatu, maana mjomba alitufuata kwa nyuma bila kuitwa. Mti tuliokaa chini yake bado upo. Jirani alitembea polepole, akitazama chini kama atafutaye pesa iliyoanguka, akapita kisiki, akarudi, akasimama. "Hapa," akasema. Mjomba akaketi pale alipokuwa ameketi usiku ule. Nikanyoosha kamba kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Mita 31.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha jirani akamwambia mjomba, bila kuinua sauti, kwa maana hapakuwa na haja, mchana ule na umbali ule walisikizana vizuri kabisa, "Nami niliona watu chini ya mti. Sikuthubutu kuita."

Walirudi pamoja, mimi nikikunja kamba nyuma yao. Jioni jirani alikuja nyumbani akaomba ule ubao, akaugeuza, akaniambia niandike namba ile kwa nyuma, kwa masizi, namba tupu bila maneno. Niliandika 31. Ubao uko barazani kwa mjomba, umeegemezwa ukutani, upande wa E umeelekea ndani.